Sanamu Ndogo za Japani na Moyo wa Mwenye Kuzikusanya

Mtu mzima mwenye akili zake na kazi yake akitumia fedha kununua sanamu ndogo za watu wa katuni, akazipanga ndani ya kabati la kioo, asizichezee wala asizitumie kwa kazi yo yote, tumhesabu kuwa mtu wa namna gani? Wengine husema ni mtoto aliyekataa kukua. Wengine, ambao wamezishika Amri Kumi tangu utoto wao, husema neno zito zaidi, kwamba mtu huyo amegeukia sanamu. Na wengine humsamehe habari ya sanamu, lakini hawamsamehe habari ya fedha, kwa kuwa maskini wamekaa mlangoni pake naye anawapita akiwa na kifurushi kwapani.

Maneno hayo yote tumekwisha kuambiwa sisi wenyewe. Maana sisi tunaoandika haya tu miongoni mwa wenye makabati ya kioo, tena tulisafiri mpaka Japani kuhudhuria maonyesho makubwa ya sanamu hizo. Hatukukusudia hapa kujisifu safari wala kujitetea. Twataka kueleza mambo yalivyo, kisha tuyapime pamoja na wasomaji. Kwa sababu huko tulikutana na swali la tatu, ambalo hapa nyumbani hatukuulizwa na mtu, nasi twaliona kuwa kubwa kuliko yale mengine.

Kwanza yafaa vitu vyenyewe vijulikane. Wajapani wana filamu za michoro iliyotiwa mwendo, nao huziita anime. Moja iliyosifika sana, ya mtoto wa chuma aitwaye Astro Boy, ilianza kuonyeshwa kwa televisheni mwaka 1963, na tangu wakati ule zimetungwa hadithi nyingi mno: za mashujaa, za wanafunzi, za mitambo mikubwa yenye umbo la binadamu, za wanyama wasemao. Mtu akiisha kuipenda hadithi hutamani kuwa na umbo la yule aliyemo ndani yake, alitazame kwa pande zote, si kwa upande mmoja kama katika picha. Umbo hilo huitwa figyua. Nyingi zina kimo cha shibiri moja au kuzidi kidogo. Nyingine ni fupi, urefu wa kidole kirefu tu, zenye vichwa vikubwa kuliko miili. Hizo huitwa Nendoroid, nazo zimeuzwa tangu mwaka 2006. Zile za viwandani ni za plastiki, nyingi husubiwa na kupakwa rangi katika viwanda vya China, na kazi yake ni ya ajabu: utaona mkunjo wa nguo, utaona upepo katika nywele, utaona hata kucha. Bei nayo ni ya ajabu. Sanamu moja ya shibiri hufika yen 20,000 na kupita, fedha ambayo katika vijiji vyetu hununua zaidi ya gunia moja la mahindi. Basi asidhani mtu kwamba twasema habari za vitu vya watoto. Mtoto hawezi kuvinunua, na akipewa atavivunja kabla ya jua kuchwa.

Maonyesho tuliyoyaendea huitwa Wonder Festival, na wenyeji kwa kufupisha husema Wanfesu. Duka moja la Osaka lililoitwa General Products lilifanya onyesho la kujaribia mwishoni mwa mwaka 1984, na la kwanza lenyewe mwanzoni mwa mwaka 1985. Tangu mwaka 1992 yamesimamiwa na Kaiyodo, kampuni iliyoanza mwaka 1964 kama kiduka cha mifano ya kuunganisha katika mkoa ule ule wa Osaka. Hufanywa mara mbili kwa mwaka, wakati wa baridi na wakati wa joto, isipokuwa yalipokatizwa na ugonjwa wa korona. Zamani yalikuwa Tokyo, katika jumba liitwalo Tokyo Big Sight. Lakini tarehe 3 Agosti 2008 ngazi ya umeme iliyosheheni watu ilisimama ghafula, ikarudi nyuma, watu kadhaa wakaumia. Tangu mwaka 2009 yamehamia Makuhari Messe, majumba makubwa katika mji wa Chiba, kando ya ghuba ya Tokyo, mwendo wa treni wa nusu saa au zaidi kidogo.

Watu wajao ni makumi ya elfu. Hujipanga nje mapema, nao hawasukumani. Milango hufunguliwa saa nne ya asubuhi, na hapo ndipo mgeni aonapo jambo la kuchekesha, maana kukimbia kumekatazwa, na kila mtu hulitii katazo hilo kwa kutembea. Walakini kutembea kule ni kwepesi kuliko mbio za watu wengine.

Ndani ya majumba mna pande mbili. Upande mmoja ni wa makampuni. Huko taa ni nyingi, kabati ni refu, na ndani yake zimesimama sanamu ambazo bado hazijaanza kuuzwa, nyingine zikiwa rangi ya kijivu tupu, ili watu wazitazame, wazipige picha, watoe ahadi ya kununua, kisha wangoje miezi mingi. Upande huo hautatuchukua muda. Ni soko, nasi twayajua masoko.

Upande wa pili ni wa meza. Meza hizo zimepangwa safu safu, na nyuma ya kila moja ameketi mtu mmoja au wawili, walioyatengeneza kwa mikono yao yale yaliyo juu yake. Siku nyingine za juma mtu huyo ni karani, au fundi, au mama mwenye nyumba yake. Usiku ndio huchonga. Huanza na umbo la asili, ama kwa udongo wa kisasa ugandao wenyewe, ama kwa kompyuta na mashine ya kuchapa maumbo. Umbo likiisha kukamilika hulikata vipande: kichwa, nywele, mkono wa kuume, mkono wa kushoto, upindo wa nguo. Kila kipande hukimiminia mpira wa majimaji uitwao silikoni, na mpira ule ukiganda na kupasuliwa huwa kalibu. Ndipo humimina rezini ndani ya kalibu, nayo hugeuka kuwa ngumu kwa muda wa dakika chache tu.

Kazi hiyo ina adui mdogo, naye ni povu la hewa. Povu moja likinasa penye ncha ya pua, sanamu huzaliwa bila pua, na fundi hana budi kuanza tena. Kalibu nayo haidumu. Kila isubupo huchanika kidogo, na baada ya kutoa nakala makumi machache kingo zake huwa zimekwisha. Kwa hiyo mtu wa meza huja na nakala ishirini au thelathini, pengine chini ya hizo. Na anunuaye hapewi sanamu. Hupewa mfuko wenye vipande vyeupe au vya rangi ya maziwa, visivyopakwa cho chote, pamoja na karatasi ya maelezo. Imempasa aende nayo nyumbani, avioshe mafuta ya kalibu, alainishe maungio kwa msasa, atoboe matundu na kutia vijiti vya shaba, agandishe, kisha apake rangi mwenyewe, tabaka juu ya tabaka. Mifano ya namna hiyo huitwa vifurushi vya gereji, kwa kuwa wa kwanza kuifanya walifanyia kazi katika mabanda ya magari yao. Mchongaji amefanya nusu, amemwachia mwenzake nusu, na huenda wasionane tena.

Sasa twafika penye jambo lenyewe. Watu hawa wa katuni si mali ya huyo karani. Wana wenyewe, ndio watungaji, wachapishaji na wenye studio za filamu, na kwa sheria mtu haruhusiwi kuuza umbo la mtu wa hadithi pasipo idhini ya mwenye hadithi. Makampuni makubwa hufanya mapatano marefu na kulipa fedha nyingi. Lakini mtu mwenye nakala ishirini atafanyaje? Hapo ndipo Wajapani walipobuni njia ambayo sisi hatujaisikia kwa watu wengine. Huiita tojitsu hanken, maana yake haki ya siku ile ile. Miezi kadhaa kabla ya maonyesho, mchongaji hupeleka ombi kwa njia ya wasimamizi, na picha ya kazi yake. Mwenye hadithi huweza kukubali, au kumwambia ageuze jambo fulani, au kukataa. Akikubali, mchongaji hulipa ada kwa kadiri ya bei na hesabu ya nakala. Na akiisha kulipa amepata nini? Amepata siku moja. Aweza kuuza siku ile, ndani ya majumba yale, tangu saa nne ya asubuhi hata saa kumi na moja ya jioni. Saa kumi na moja ikipiga, haki yake imekufa. Nakala zilizosalia, ingawa amezisubu yeye, kwa rezini aliyoinunua yeye, usiku aliopaswa kulala yeye, hawezi kuziuza kesho. Akitaka kuziuza katika maonyesho mengine, hana budi kuomba tena tangu mwanzo, na huenda mara hii akakataliwa.

Tulikaa karibu na safu hizo mpaka mwisho. Tulimwona mtu mmoja aliyebakiwa na mifuko mitatu. Dakika chache nyuma ilikuwa bidhaa. Sasa akaifunga kwa kitambaa kama mtu afungavyo vyombo vya nyumbani, akaikunja nguo ya meza, akainama kwa jirani zake kushoto na kuume, akaenda zake kituoni. Uso wake haukuwa wa mtu aliyenyang'anywa.

Jambo hilo tumelifikiri sana. Tutalirudia baada ya kuyajibu yale maswali mawili ya kwanza, maana hatutaki msomaji aseme kwamba tumeyakimbia.

Wasemao kwamba hii ni ibada ya sanamu wana haki ya kuuliza, na hatuwacheki. Lakini na tuyatazame Maandiko yote, si amri moja peke yake. Musa aliyepokea amri ile ndiye aliyeamriwa kutengeneza makerubi ya dhahabu, tena ndiye aliyemfanya nyoka wa shaba jangwani, na waliomtazama wakapona. Nyoka yule akahifadhiwa kwa vizazi vingi, wala hatusikii kwamba manabii walimlaumu mtu kwa kumhifadhi. Hata zamani za mfalme Hezekia, Waisraeli walipokuwa wakimfukizia uvumba, ndipo mfalme akamvunja vipande vipande. Shaba ilikuwa ile ile. Umbo lilikuwa lile lile, na fundi wake alikuwa Musa. Kilichogeuka ni mikono iliyoleta uvumba. Kwa hiyo twaona kwamba huwezi kujua kwa kuitazama sanamu kama ni ibada au sivyo. Imekupasa kumtazama mtu, aletacho mbele yake, na aombacho.

Na Japani yenyewe ina habari ambayo Mkristo ye yote angefaa kuijua. Fransisko Xavier alifika kule mwaka 1549, na watu wengi wakaamini. Mwaka 1614 dini ikapigwa marufuku nchi nzima. Huko Nagasaki watu walilazimishwa kukanyaga sanamu ya Kristo au ya mama yake, ili ionekane nani Mkristo na nani siye. Waumini walijificha kwa zaidi ya miaka mia mbili, pasipo mapadre. Wengi wao waliweka nyumbani sanamu ndogo ya kauri nyeupe ya Kannon, ambaye Wabudha humheshimu kwa huruma yake. Nyingi zilitengenezwa China, kama hizi za plastiki za siku hizi. Jirani akiingia huona Kannon. Wenye nyumba walimwona Mariamu. Mwezi Machi mwaka 1865 kundi la watu wa kijiji cha Urakami liliingia katika kanisa jipya la Oura, lililojengwa kwa ajili ya wageni, na mwanamke mmoja akamnong'oneza padre Petitjean kwamba moyo wao na wake ni mmoja. Kisha akauliza sanamu ya Maria iko wapi. Kwa ishara hiyo padre alijua amewapata Wakristo waliodhaniwa kuwa wamekwisha. Marufuku yenyewe iliondolewa mwaka 1873. Basi katika nchi ile sanamu ya shibiri moja imekwisha kuwa jambo la kufa na kupona, na sanamu mbili zilizofanana kabisa zimesimama katika nyumba mbili zikiwa na maana mbili. Hatusemi kwamba umbo la msichana wa katuni lafanana na lile la Urakami. Twasema tu kwamba jicho la mpita njia halitoshi kuhukumu kilichomo katika kabati.

Swali la fedha ni gumu zaidi, wala hatuna jibu la kuwaridhisha wote. Wenzetu wakusanyao hupenda kutaja habari ya mwanamke aliyevunja chupa ya marhamu ya thamani kubwa, na Yuda aliyenung'unika kwa ajili ya maskini, hali mwenyewe alikuwa mwivi wa mfuko. Husema, uzuri nao una haki yake, na si kila amtajaye maskini ampendaye maskini. Hilo ni kweli, lakini habari ile haiwezi kuwa ngao yetu. Mwanamke yule aliivunja chupa, akamimina yote, nyumba nzima ikanukia. Sisi tunaokusanya hatumimini. Tunatia ndani na kufunga kioo. Kwa hiyo neno la maskini linabaki pale pale, nasi twaona ni heri libaki, limsumbue mtu kila anapofungua mkoba. Lakini mambo mengine hayahitaji kupimwa. Sanamu iliyonunuliwa kwa ada ya shule ya mtoto ni wizi, hata kama fedha ilitoka katika mshahara wa mnunuzi mwenyewe. Na iliyonunuliwa kwa mkopo si ya mnunuzi bado. Ni ya mkopeshaji, imepewa nafasi ya kusimama nyumbani mwa mdeni.

Sasa turudi kwa yule mtu wa meza na mifuko yake mitatu. Swali tulilolikuta Makuhari ni hili: kitu ni cha nani, na kwa muda gani?

Pale majumbani hupita watu wa namna nyingine, nao ni walanguzi. Huingia mapema, hununua kilicho haba, na jioni ile ile hukiuza kwa bei maradufu kwa wale waliokuwa nyuma ya mstari. Makampuni hujaribu kuwazuia, mara kwa kuweka kiasi kwa kila mnunuzi, mara kwa kupiga kura. Mlanguzi huenda halijui jina la huyo anayemnunua, wala hadithi yake. Wakusanyaji wote humchukia, nasi pia. Hata hivyo yuko mkusanyaji ambaye hafungui sanduku kamwe, akiogopa bei isishuke. Hulitia katika rafu, hulihesabu, husoma bei za juma hili na za juma lililopita. Tukiulizwa tofauti yake na mlanguzi, twasema ni ndogo: mmoja hungoja jioni, mwingine hungoja miaka.

Na wako wale wanaonunua vifurushi kwa moyo safi, wakinuia kuviunganisha watakapopata nafasi, na nafasi haiji. Vifurushi hurundikana hata dari. Wajapani wana neno la mrundo huo wa mifano isiyounganishwa, huuita tsumipura. Sehemu ya kwanza yatoka katika neno la kurundika. Lakini kwa sikio, tsumi ni neno jingine pia, nalo ndilo lililotumiwa katika Biblia ya Kijapani kwa dhambi. Herufi zake ni mbali, asili zake ni mbali, ni kukutana kwa sauti tu, na wenyewe hulifanyia mzaha. Sisi tulipoelezwa tulicheka pamoja nao, kisha njiani tukamkumbuka yule tajiri wa Injili mwenye ghala. Nafaka yake haikuwa haramu. Shamba lilizaa, naye hakumwibia mtu. Kilichomponza ni kuzungumza na nafsi yake habari za miaka mingi, kama mtu mwenye ruhusa isiyo na saa kumi na moja.

Yule wa meza hawezi kujisahau hivyo. Yeye huanza kazi akijua kwamba mtu wa hadithi si wake, kwamba siku yake ni moja, na kwamba kalibu yake itakwisha. Je, hayo humfanya achonge kwa uvivu? Tulitazama meza nyingi, na tulivyoona ni kinyume cha hayo. Kazi iliyo bora kupita zote haikuwa katika makabati yenye taa, ilikuwa pale. Katika Injili ya Kiswahili mtu wa namna hiyo huitwa wakili. Wakili hushika mali kwa mikono miwili, huifanyia kazi usiku na mchana, na hesabu ikitakiwa huitoa. Sisi wenye makabati tumezoea kudhani kwamba kulipa bei ni kumaliza hesabu. Bali sheria ya saa kumi na moja yatuhusu sisi kuliko yeye, ila kwetu saa haikuandikwa ukutani.

Hivyo swali la kukusanya huwa swali la kuachana. Wajapani wenyewe wamelifikiri kwa muda mrefu. Kila tarehe 3 Machi wenye binti hupanga nyumbani wanasesere wa sherehe, mfalme na malkia wamevaa mavazi ya kale, kisha huwaondoa. Wako wasemao kwamba wakicheleweshwa kuondolewa, binti naye atachelewa kuolewa. Na mwanasesere aliyekaa na watu kwa miaka mingi hawapendi kumtupa jalalani. Humpeleka hekaluni asomewe maombi, kisha achomwe moto. Katika hekalu moja la Ueno, mjini Tokyo, hufanya hivyo kila tarehe 25 Septemba. Huko Kada, mkoa wa Wakayama, mahali patakatifu pa Awashima pamejaa wanasesere walioletwa na watu kutoka kila upande, na tarehe 3 Machi baadhi yao hupakiwa katika mashua ndogo na kuachwa baharini. Sisi Wakristo hatuwezi kuomba kwa namna hiyo, kwa kuwa hatusadiki kwamba mwanasesere ana roho ya kutulizwa. Lakini adabu ya kukiaga kitu kilichotutumikia, kuliko kukitupa kama ganda la ndizi, hatuoni kwa nini tuidharau.

Mahali pengine pa kuachana ni Nakano, mtaa wa Tokyo, ambako tangu mwaka 1980 kuna duka liitwalo Mandarake. Lilianza kwa kuuza vitabu vya katuni vilivyokwisha kusomwa, na sasa hununua na kuuza vitu vya kale vya kila namna. Tulipita humo nusu siku. Makabati yalikuwa mengi kuliko ya maonyesho yenyewe, kila sanamu ina kikaratasi cha bei, na kila moja ilikuwa na mwenyewe hapo zamani. Nyingine bila shaka ziliuzwa na watu walioona wamekwisha kushiba. Nyingine ziliuzwa na wajane na watoto wasiojua majina yake. Kwa kuzitazama hatukuweza kuzitofautisha.

Tangu turudi tumeshika desturi moja. Kila sanamu iliyo katika kabati letu tumeandika chini ya kitako chake jina la mtu atakayeipokea, na mwaka wa kumpa, nao si mwaka wa kufa kwetu. Mingine iko karibu. Vijana wawili wamekwisha kupokea zao. Mmoja alitaka kujua hadithi yake, tukamsimulia jioni mbili. Wa pili aliichukua, akashukuru, na juma lililofuata tukasikia ameiuza apate baiskeli. Mke wetu alituuliza kama tumekasirika. Tulimjibu kwamba baiskeli ile tumeiona, ni nzima, na breki zake ni njema.

Kama yuko msomaji ajuaye njia iliyo bora kuliko hii ya kuagana na vitu alivyovipenda, na aandike, nasi tutaisoma.